Namna ya Kulichunguza Baka la Kinywani Lisilofutika

Mwongozo huu nimewaandikia maafisa wa kliniki, wauguzi na maafisa wa afya ya kinywa wanaofanya kazi katika vituo vya afya na hospitali ndogo za magharibi mwa Kenya na za Nakuru, ambako mgonjwa huja kwa sababu ya jino linalouma, huku baka lililo sentimita mbili kutoka kwenye jino hilo likiwa halimshughulishi hata kidogo kwa kuwa haliumi. Mgonjwa mwenyewe pia anaweza kuusoma, maana sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji mashine. Inahitaji mwanga mzuri, kidole chenye glavu, kipande cha shashi na kalenda.

Tuelewane kwanza kuhusu tunachokitafuta. Mabaka haya si saratani, na mengi yake hayatakuwa saratani kamwe. Ni mabadiliko ya ngozi laini ya kinywa ambayo humweka mwenye nayo katika hatari kubwa kuliko mtu asiye nayo, na hatari hiyo hutofautiana sana kati ya baka na baka. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalikadiria kwamba mabaka meupe yaitwayo lukoplakia hugeuka saratani kwa takriban asilimia 9.5 ya wagonjwa, laikeni planasi, yaani ugonjwa wa mistari meupe iliyosukwa kama wavu, kwa asilimia 1.4 tu, na mabaka mekundu yaitwayo erithroplakia kwa asilimia 33.

Jambo la pili ni kwamba jicho halitambui ugonjwa huu. Jicho huchagua tu ni nani anayepaswa kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya baka, kikatazamwe kwa hadubini. Lukoplakia ni jina linalopatikana kwa kutoa: unaondoa fangasi, unaondoa msuguano wa jino, unaondoa kuungua kwa dawa, unaondoa kila ugonjwa mwingine unaojulikana kuleta weupe, na kinachobaki bila maelezo ndicho kinachoitwa lukoplakia. Mhudumu anayeliandika jina hilo kwenye faili dakika ya kwanza baada ya kufungua kinywa amelirukia.

Maswali yanayotangulia

Historia ya mazoea huharibika kwa swali moja la haraka. Ukimuuliza mama wa makamo, "Unavuta sigara?" atakujibu hapana, na atakuwa amesema kweli, ingawa amekuwa akiweka ugoro kati ya mdomo wa chini na ufizi kwa miaka thelathini. Kwa hiyo kitaje kila kitu kwa jina lake: sigara, kiko, tumbaku ya kusokota, ugoro wa kunusa, ugoro wa kuweka mdomoni, tumbaku ya kutafuna inayouzwa katika vipakiti, tambuu na popoo, bia, busaa na chang'aa. Anayeweka kitu mdomoni muulize anakiweka upande gani, kinakaa kwa muda gani, na kama hulala nacho, kwa sababu pale kinapokaa ndipo utakapopaangalia kwa makini zaidi.

Kandokando ya ziwa bado wapo wazee wa kike wanaovuta sigara wakiwa wameingiza ncha yenye moto ndani ya kinywa. Hawalitaji jambo hilo wenyewe kwa kuwa kwao si la ajabu. Muulize kwa heshima, "Nyanya, ukivuta, moto unakaa nje au ndani?" na huenda akakujibu bila kusita, "Ndani, mwanangu. Nje upepo unaumaliza." Jibu hilo linakupeleka moja kwa moja kwenye kaakaa, mahali ambapo joto na moshi hugonga kwanza, na ambapo mabaka meupe yaliyochanganyika na wekundu hayapaswi kuchukuliwa kama yale ya mvuta kiko wa kawaida. Kaakaa la mvuta kiko huwa la kijivu lenye vidoto vyekundu vya mianya ya tezi za mate, na kwa kawaida halihesabiwi kuwa la hatari kubwa. La anayeweka moto ndani lina hatari yake mwenyewe.

Kuhusu miraa na muguka, ningependa tuwe waangalifu. Utafiti uliofanywa Meru na kuchapishwa mwaka wa 1995 ulionyesha kwamba wavutaji wa kiraiku, yaani tumbaku isiyosindikwa, walikuwa na hatari ya lukoplakia mara 10 hivi kuliko wasiovuta, na wavutaji wa sigara za dukani zaidi ya mara 8, lakini miraa yenyewe haikuonyesha uhusiano wa maana. Nimewasikia wahudumu wakimkemea kijana kwa ajili ya miraa huku wakiiacha pakiti ya sigara iliyochomoza mfukoni mwake. Andika vyote viwili, kisha elekeza nguvu zako kwenye tumbaku.

Popoo nayo ina historia yake hapa kwetu. Ugonjwa wa kukakamaa kwa kinywa, ambao kwa Kiingereza hubeba jina refu la nyuzi zilizo chini ya utando, ulielezwa kwa mara ya kwanza katika tiba ya kisasa mwaka wa 1952 na Schwartz, na wagonjwa aliowaeleza walikuwa wanawake 5 wa asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza popoo kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, hata bila tumbaku, katika tathmini iliyochapishwa mwaka wa 2004. Katika miji kama Kisumu na Nakuru usidhani kwamba watumiaji ni Wahindi pekee. Vipakiti vya popoo iliyotiwa ladha huingia mfukoni mwa mtu yeyote. Anayetumia popoo huanza kulalamika kwamba chakula chenye pilipili kinamchoma kupita kiasi, kisha mashavu yanakuwa meupe na magumu kama kamba, na mwishowe kinywa hakifunguki. Pima ufunguzi kwa rula kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini, na uandike milimita zake. Ikiwa huna rula, mtu mzima wa kawaida hutosha kuingiza vidole vyake vitatu vilivyosimamishwa.

Yapo pia mambo mawili ya huku kwetu yanayoweza kumpotosha mgeni. Meno ya kahawia ya mtu wa Nakuru mara nyingi yametokana na floraidi nyingi katika maji ya Bonde la Ufa wakati wa utoto, wala hayamaanishi kwamba anatumia tumbaku. Na mzee Mjaluo asiye na meno sita ya mbele ya chini huenda aling'olewa kwa mila akiwa kijana. Pengo hilo si dalili ya ugonjwa, ingawa ufizi ulioachwa wazi unastahili kupapaswa kama sehemu nyingine.

Maliza kwa kuuliza baka limekuwepo tangu lini, kama limebadilika, kama anajua hali yake ya virusi vya Ukimwi, kama kazi yake ni ya juani, na kama amelipaka kitu. Swali hili la mwisho lina uzito. Dawa ya zambarau ambayo wengi wanaiita GV hupakwa kwa kila kidonda cha kinywa, na ikishapakwa hakuna anayeweza kuuona wekundu ulioko chini yake. Akija amepakwa, mrudishe baada ya siku chache rangi ikiwa imetoka.

Kupitisha mwanga na kidole

Mwombe mgonjwa avue meno ya kubandika, kama anayo. Keti naye karibu na dirisha, au vaa tochi ya kichwani, kwani hata ile ya bei nafuu inayouzwa sokoni Kibuye hufaa kuliko taa ya dari. Kabla ya kutazama ndani, papasa shingo ukiwa nyuma yake, kuanzia chini ya kidevu, kufuata taya, hadi nyuma ya sikio na kushuka kandokando ya msuli wa shingo. Tezi laini inayouma na inayosogea mara nyingi ni ya maambukizi. Tezi ngumu, isiyouma, iliyoshikamana na nyama haingoji mwongozo wowote zaidi ya barua ya rufaa.

Ndani ya kinywa, fuata njia moja kila siku ili usisahau mahali. Mimi huanza na midomo, nikiigeuza nje; kisha shavu la kulia, shavu la kushoto, fizi zote kwa nje na kwa ndani, mgongo wa ulimi, pembe za ulimi, chini ya ulimi, kaakaa gumu, kaakaa laini na koo. Wengi huziangalia sehemu za mbele vizuri na kuziacha zile zenye hatari zaidi, yaani pembe za ulimi upande wa nyuma, tumbo la ulimi na eneo lililo chini yake. Ulimi hautajitokeza wenyewe: ushike ncha yake kwa shashi, uvute taratibu upande mmoja huku ukilisukuma shavu kwa kioo cha meno, uangalie hadi mwanzo wa koo, kisha ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Mgonjwa atatapatapa kidogo. Mwambie apumue kwa pua.

Baada ya jicho, kidole. Weka kidole kimoja chini ya ulimi na vidole vya mkono mwingine chini ya kidevu, ukiibana nyama kati yake kwa upole. Baka linaloonekana dogo lakini lenye ugumu chini yake, kana kwamba punje ya hindi imezikwa hapo, lina maana kubwa kuliko baka pana lililo laini. Ugumu huo hauonekani kwa picha wala kwa jicho, nao ndio sababu mtu hapaswi kupewa jawabu kwa kutuma picha ya simu peke yake.

Pima baka kwa milimita, urefu na upana, ulichore kwenye faili na, mgonjwa akikubali, ulipige picha ukiwa umeweka rula kando yake. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2006 uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi na kukuta kwamba mabaka yaliyozidi milimita mraba 200 yalikuwa katika hatari takriban mara 5 kuliko yale madogo, na yale yasiyo na sura moja, yenye vidoto vyekundu au vinundu, takriban mara 7 kuliko yale bapa yenye weupe mmoja. Bila kipimo cha leo, mhudumu wa miezi sita ijayo hataweza kusema kama limekua.

Kutoa yasiyohusika

Anza na yaliyo ya kawaida kabisa. Watu wenye ngozi nyeusi wana mabaka meusi au ya kahawia kwenye fizi na mashavu, pande zote mbili kwa ulinganifu, ambayo ni rangi ya kuzaliwa. Wengi pia wana utando wa kijivu kama maziwa kwenye mashavu yote mawili. Livute shavu kwa vidole, na utando huo ukitoweka, hapo hakuna ugonjwa. Msitari mweupe ulio sawa na mahali meno yanapokutana ni alama ya kuuma shavu. Vidoto vya manjano vilivyotapakaa mdomoni na shavuni ni vijitezi vya mafuta. Ulimi wenye ramani inayohamahama, leo hapa na wiki ijayo pale, ni hali isiyo na hatari ingawa huwatisha wengi.

Kisha chukua shashi kavu na ufute. Weupe unaotoka na kuacha nyama nyekundu ni fangasi, na kazi yako inayofuata ni kuuliza kwa nini mtu mzima ana fangasi kinywani: kisukari, dawa ya pumu ya kuvuta, meno ya kubandika yasiyovuliwa usiku, au virusi vya Ukimwi. Iko aina ya fangasi sugu isiyofutika, hasa nyuma kidogo ya pembe za mdomo kwa wavutaji. Hiyo huonekana sawasawa na lukoplakia, kwa hiyo mpe dawa ya fangasi kama flukonazoli kwa muda wa wiki moja hadi mbili kisha umtazame tena, na kinachobaki kikatwe kinyama.

Katika kaunti za ziwa, ambako maambukizi ya virusi vya Ukimwi ni mengi kuliko sehemu nyingine za nchi, utakutana na mistari meupe iliyosimama kwenye pembe za ulimi kama mikunjo ya mabati, isiyofutika. Hii ndiyo lukoplakia ya nywele, na jina lake limewapoteza wengi. Husababishwa na virusi vya Epstein na Barr pale kinga ya mwili inapopungua, wala haigeuki saratani. Kinachohitajika ni kipimo cha virusi vya Ukimwi au kuangalia upya matibabu ya anayezitumia dawa tayari. Baka la zambarau kwenye kaakaa la mgonjwa wa aina hii ni jambo jingine kabisa; huenda ni saratani ya Kaposi, nayo tayari ni saratani.

Msuguano hutambulika kwa jirani yake. Ukiona weupe ulio mkabala na jino lililovunjika au meno ya kubandika yanayocheza, lisawazishe jino, rekebisha meno, na ungoje. Kuungua nako kuna alama zake: mtu mwenye jino linalouma huweka aspirini, mafuta ya karafuu au hata vitu vya gereji juu ya ufizi, na baada ya saa chache nyama huwa nyeupe, yenye kubanduka na yenye maumivu makali. Maumivu hayo ndiyo yanayotofautisha kuungua na lukoplakia, kwa sababu lukoplakia kwa kawaida haiumi.

Laikeni planasi huja pande zote mbili, mara nyingi mashavuni, ikiwa na mistari meupe myembamba iliyosukwa kama wavu. Ikiwa na sehemu nyekundu zenye vidonda, au ikiwa upande mmoja tu, usiiamini sura yake, mkate kinyama. Kaswende ya hatua ya pili pia huleta mabaka meupe kinywani, na kipimo cha damu hugharimu kidogo kuliko kosa.

Kinachobaki

Baada ya kuondoa hayo yote, unabaki na aina chache. Lukoplakia bapa yenye weupe mmoja, hasa kwa mtumiaji wa tumbaku, ndiyo ya kawaida zaidi na hatari yake ni ya chini ikilinganishwa na nyingine. Ile inayomtokea mtu asiyetumia tumbaku, hasa mwanamke mwenye umri mkubwa, ndiyo inayopaswa kukusumbua zaidi, jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka. Iko aina moja adimu inayoanza kama baka dogo kwenye ufizi, ikasambaa kwa miaka hadi sehemu kadhaa za kinywa na kuota kama chunjua. Yale mapitio ya mwaka wa 2020 yaliikadiria kugeuka saratani kwa karibu nusu ya wagonjwa, na kila inapoondolewa hurudi.

Baka jekundu, laini kama mahameli, lenye mipaka inayoonekana, lisilouma na lisilo na sababu, ndilo la kuogopwa kuliko yote. Mwaka wa 1975 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya vielelezo 65 vya erithroplakia: asilimia 51 vilikuwa tayari na saratani iliyopenya hadi nyama ya chini, asilimia 40 vilikuwa na mabadiliko makali ya seli au saratani ambayo bado haijapenya, na asilimia 9 tu ndivyo vilivyokuwa na mabadiliko madogo au ya wastani. Hakuna hata kimoja kilichokuwa salama. Ajabu ni kwamba mgonjwa huogopa cheupe kwa kuwa kinaonekana kwenye kioo, huku chekundu kikipita bila kutambuliwa kwa sababu kinywa chote kina wekundu. Linganisha upande na upande. Wekundu ulio chini ya meno ya kubandika, unaofuata umbo lake barabara, ni fangasi. Ulio chini ya ulimi hauna kisingizio hicho.

Usisahau mdomo wa chini. Wavuvi, wakulima wa miwa na zaidi ya wote watu wenye ualbino huchomwa na jua hadi mdomo unakuwa mkavu, wenye magamba, na mpaka kati ya mdomo na ngozi ya uso unafifia. Sehemu yenye ugumu au kidonda kinachotoka gamba na kurudi ikatwe kinyama.

Siku 14

Unapoona sababu inayowezekana, iondoe, andika tarehe, na umtazame mgonjwa tena baada ya wiki 2. Kidonda cha kinywa kinachotokana na jeraha hupona ndani ya muda huo. Kisichopona, au baka lisilopungua, halipewi wiki nyingine mbili na dawa nyingine ya kusukutua. Kosa ninaloliona mara nyingi ni la mgonjwa aliyepewa antibiotiki mara nne katika vituo vinne, kila kituo kikihesabu wiki zake upya kana kwamba kidonda kimezaliwa siku hiyo. Hesabu tangu siku mgonjwa alipokiona mwenyewe.

Wapo wasiopaswa kungoja hata siku moja: mwenye baka jekundu lisilo na sababu, mwenye ugumu chini ya baka, mwenye jino linalocheza bila ugonjwa wa fizi, mwenye ganzi ya mdomo, mwenye pengo la jino lililong'olewa ambalo limeota nyama badala ya kuziba, na mwenye tezi ngumu shingoni.

Kuchukua kinyama

Kazi hii ni ya daktari wa meno, daktari wa pua, masikio na koo, au mhudumu aliyefunzwa mahususi. Rangi ya bluu ya toluidini hutumiwa na baadhi ya hospitali kuonyesha sehemu inayonyonya rangi zaidi, na inaweza kusaidia kuchagua mahali pa kukata, lakini vidonda vya kawaida pia huinyonya, na hakuna rangi wala taa inayochukua nafasi ya kisu na hadubini.

Mgonjwa atakuuliza, au ndugu yake atamuulizia, kama kukata hakutasambaza ugonjwa. Mjibu moja kwa moja: kukata kipande cha kupima hakulifanyi baka kuwa saratani, na bila kipande hicho hakuna anayejua anachotibu. Usimwambie ana saratani, wala usimwambie si kitu. Mwambie, "Mama, hapa kuna baka ambalo sijui ni nini, na maabara ndiyo itakayoniambia."

Chagua sehemu mbaya kuliko zote, yaani iliyo nyekundu, yenye kinundu au ngumu, badala ya ile iliyo rahisi kufikiwa. Baka likiwa kubwa au lenye sura nyingi, chukua vipande viwili au zaidi, kila kimoja katika chupa yake. Chukua ukingo wenye nyama nzima kidogo, na uepuke katikati ya kidonda kilichooza. Sindano ya ganzi ichomwe milimita kadhaa kando ya baka na si ndani yake, kwa kuwa maji ya dawa huzitenganisha seli na kumchanganya mtaalamu wa patholojia. Kata kwa kina cha milimita 4 au 5, kwa sababu swali kubwa la maabara ni kama seli zimevuka mpaka kwenda chini, na kipande chembamba kama karatasi hakiwezi kulijibu. Usikibane kwa koleo lenye meno. Kipitishie uzi na kukiinua kwa huo uzi. Chini ya ulimi uwe mwangalifu na mrija wa mate na mishipa.

Kilaze kipande juu ya karatasi ngumu ili kisijikunje, kisha ukitie katika formalini ya asilimia 10, iliyo angalau mara 10 ya ukubwa wake. Si spiriti, si maji ya chumvi. Hili nalisema kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu, katika hospitali moja nisiyoitaja, formalini ilikuwa imekwisha, nami nikakitia kinyama katika maji ya chumvi nikitumaini kwamba gari lingeondoka jioni hiyo. Gari liliondoka Jumatatu. Maabara iliandika kwamba kipande kilikuwa kimeoza, na mama yule ikabidi akatwe tena. Alirudi kwa sababu tu bintiye alimsindikiza. Tangu siku hiyo huitazama chupa kabla ya kuigusa sindano.

Andika jina kwenye chupa yenyewe, kwa kuwa vifuniko hubadilishana. Katika fomu, eleza umri, mazoea, mahali hasa, ukubwa, rangi, muda, matibabu yaliyokwisha kutolewa na unachokishuku. Fomu iliyoandikwa "kidonda cha mdomo" na kuishia hapo humnyima mtaalamu nusu ya ushahidi.

Majibu yakirudi

Ripoti itataja kama kuna displasia, yaani mpangilio wa seli uliovurugika, na kiwango chake: ndogo, ya wastani au kali. Displasia kali, na mara nyingi ile ya wastani, hukatwa yote pale inapowezekana. Saratani iliyopenya inampeleka mgonjwa kwa daktari wa upasuaji wa kinywa na taya katika hospitali ya rufaa, iwe Jaramogi Oginga Odinga ya Kisumu, Moi ya Eldoret au nyingine iliyo karibu naye, na barua iondoke naye siku ile ile ikiwa imeambatanishwa na ripoti yenyewe. Hakikisha amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, kabla hajapanda gari.

Ripoti isipolingana na ulichokiona, iamini mikono yako pia. Ikiwa baka lilikuwa jekundu na gumu na maabara ikasema ni uvimbe wa kawaida, mpigie simu mtaalamu, kisha ukate tena sehemu nyingine; kipande cha kwanza huenda hakikuwa chenye habari.

Isipokuwepo displasia, au ikiwa ndogo, aache tumbaku na popoo, na arudi baada ya miezi 3 hadi 6. Mabaka mengi ya ugoro hufifia ndani ya wiki chache mtumiaji akiacha, na kumwonyesha picha ya zamani na ya sasa kumewashawishi wengi kuliko hotuba zangu. Yule aliyekatiwa baka lote naye arudi, kwa kuwa linaweza kuota tena, na linaweza kuota mahali pengine. Kwa hiyo kila ziara tazama kinywa chote tangu mdomo hadi koo, si kovu peke yake. Chukua namba ya simu ya mgonjwa na ya ndugu mmoja anayekaa naye, na tarehe ya kurudi isiwe siku ya soko la kwao.